Chachu na Sumu Yake: Kutoka Ulanzi wa Njombe hadi Mvinyo wa Dodoma

Ulanzi unaouzwa asubuhi kwenye vilabu vya Makambako na ule uliolala hadi kesho yake si kinywaji kimoja, hata kama umegemwa kwenye mlanzi mmoja. Wa asubuhi ni mtogwa: mtamu, mwepesi, una povu jembamba juu. Uliolala ni mkangafu: utamu umekwisha, unakata ulimi, na waliouzoea huusifu kwa kuwa unapanda kichwani upesi. Kilichopita katikati ni kazi ya chachu. Imekula sukari ikatoa hewa ya ukaa na ethanoli, yaani kileo chenyewe. Ajabu ni kwamba kileo hicho ni sumu kwa chachu iliyokitengeneza. Kila seli inaishi ndani ya taka yake, na taka inazidi saa hadi saa.

Kwa miongo kadhaa wanasayansi wa vinasaba wamekuwa wakiuliza swali linaloonekana rahisi: chachu ya mvinyo hutumia jeni zipi kuihimili sumu hiyo? Nadhani swali lilianza kuulizwa vibaya, na majibu yaliyopatikana ndiyo yanayolionyesha kosa. Waliotafuta jeni ya kuhimili kileo walikuta mamia. Na waliomchunguza bingwa wa kileo duniani walikuta jeni zake za kujilinda zimeharibika.

Tuanze na mlanzi. Ni mwanzi wa Nyanda za Juu Kusini ambao wataalamu wa mimea huuita Oxytenanthera abyssinica. Vitabu vya zamani huuandika Oxytenanthera braunii. Unaonekana kuanzia Iringa na Mufindi hadi Njombe, Makete na milima ya Ludewa, na msimu wake wa kugemwa ni wa mvua. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, akafunga hapo mbeta, kipande cha mwanzi kilichoachiwa kifundo upande wa chini ili kukinga utomvu. Hurudi asubuhi na jioni, humimina kilichopatikana, kisha huchonga upya lile jeraha kwa kisu chembamba lisije likaziba. Chungulia ndani ya mbeta inayotumika: ukipitisha kidole utakuta utando mweupe unaoteleza, mdomoni wamejaa nyuki na vijidudu vya matunda, na utomvu mpya unaodondokea humo huanza kutoa povu kabla haujafika nyumbani. Mgema hakuongeza hamira yoyote. Utando ule mweupe ndio mbegu: mamilioni ya seli za chachu na bakteria zilizobaki tangu jana. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliandika mwaka 1998 kwamba ulanzi huchukua saa 5 hadi 12 tu kuiva, kutegemea ukali anaoutaka mnywaji.

Ndani ya povu hilo kuna aina nyingi za chachu mwanzoni, kama ilivyo kwenye juisi yoyote inayochachuka yenyewe. Nyingi ni za kupita tu. Kileo kinapofika asilimia 4 hadi 7 hivi, zile dhaifu hunyong'onyea, na uwanja hubaki kwa Saccharomyces cerevisiae, chachu ileile iliyomo kwenye pakiti ya hamira ya dukani, kwenye bia na kwenye mvinyo. Kwake ethanoli ni silaha kabla haijawa mzigo.

Silaha hiyo ina historia ndefu. Sukari ikiingia ndani ya seli huvunjwa hadi kuwa pairuveti. Kimeng'enya kinachoandikwa na jeni PDC1 huigeuza pairuveti kuwa asetaldehidi, na kile cha ADH1 huigeuza asetaldehidi kuwa ethanoli. Kiuchumi huo ni ubadhirifu, maana ethanoli bado imebeba nguvu nyingi ambazo seli yenye oksijeni ingeweza kuzikamua. Lakini Saccharomyces hufanya hivyo hata hewa ikiwepo, mradi sukari ni tele. Sukari ikiisha, jeni nyingine, ADH2, huamka na kuirudisha ethanoli kwenye njia ya chakula. Kwa hiyo chachu hukomba sukari yote kabla jirani hajaifikia, humtia jirani sumu, kisha huila sumu yenyewe. Takriban miaka milioni 100 iliyopita, zama za kuenea kwa mimea ya maua na matunda, babu wa chachu hii alizirudufisha jeni zake zote kwa mpigo mmoja, na wengi wanaona kwamba zile nakala za ziada zilimsaidia kuyashika maisha haya.

Mpango huo una kasoro moja: mwenye silaha naye anapigwa nayo. Ethanoli ni molekuli ndogo inayokubaliana na maji na mafuta kwa pamoja, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kuhitaji mlango. Utando ukilegea, chembe za hidrojeni zenye chaji, yaani protoni, huvuja kutoka kwenye juisi ya nje yenye asidi kuingia ndani, na ndani kunakuwa na asidi kupita kiasi. Pampu za kuzitoa hufanya kazi mfululizo na kula nguvu ambayo ingetumika kukua. Milango ya kupokea sukari na asidi amino hudhoofika. Protini hukunjuka na kugandamana. Mitokondria hutoa oksijeni kali zinazochoma DNA na mafuta. Chachu ya mvinyo huvumilia asilimia 4 au 5 bila taabu kubwa. Kufikia asilimia 10 uzazi wa nyingi umefifia kabisa, lakini uchachukaji unaendelea. Shika tofauti hiyo kati ya kuzaa na kuchachusha, maana uchambuzi wote huu umeegemea hapo.

Sasa tuiangalie seli moja, katika dakika za mwanzo baada ya kileo kupanda ghafla. Kabla ya hapo protini iitwayo Msn2 ilikuwa ikizurura nje ya kiini, imefungwa kwa alama za fosfati zinazowekwa na kimeng'enya ambacho kazi yake ni kutangaza kwamba sukari ni tele na kila mtu aendelee kukua. Kileo kinapouma, fungo hilo hulegea. Msn2, pamoja na pacha wake Msn4, huingia ndani ya kiini na kutafuta kwenye DNA neno fupi la herufi tano, CCCCT, lililoandikwa mbele ya jeni nyingi za dharura. Zikilikuta, hushika hapo na jeni ile huanza kusomwa. Ni mbiu ya mgambo: ikilia, kuna jambo, na kila nyumba yenye herufi zile hutoka. Maabara mbili ziliielezea mbiu hii mwaka 1996, mwaka uleule ambao chachu ilikuwa kiumbe cha kwanza chenye seli za kiini kamili kusomwa vinasaba vyake vyote: herufi milioni 12 hivi, kromosomu 16, jeni zinazokaribia 6,000.

Mwaka 2000 Audrey Gasch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliipitisha chachu kwenye mateso ya kila namna, wakapima jeni zote kwa pamoja. Walikuta jeni kama 900 zinazoitikia karibu kila shida kwa namna moja. Kama 300 hupanda. Kama 600 hushuka, nyingi zikiwa zile za kujenga ribosomu, yaani viwanda vya protini. Seli yenye shida hufunga kiwanda kwanza, ndipo ifungue ghala la dharura.

Ndani ya ghala hilo kuna nini? Kuna HSP104, jeni ya protini inayokunjua protini zilizogandamana na kuzirudisha kazini. Susan Lindquist na wenzake waliionyesha mwaka 1992 kwamba chachu isiyo nayo hufa mapema kwa joto kali na kwa kileo vilevile. Kuna HSP12, inayolalia utando na kuutuliza. Kuna TPS1 na TPS2 za kutengeneza trehalosi, sukari ya akiba inayozishika protini na tando zisiporomoke. Kuna CTT1 na SOD1 za kuzima oksijeni kali. Nyingi za hizi zina bwana wa pili, Hsf1, ambaye kazi yake ya asili ni kuitikia joto. Hapo ndipo ukweli mmoja muhimu unapojitokeza: kwa chachu, kileo na joto ni maadui wawili wanaopiga mahali pamoja, na jeni zinazojibu ni karibu zilezile.

Kuna pia upande wa mafuta. Chachu hubadili ujenzi wa utando wake: huongeza ergosteroli kupitia jeni za kundi la ERG, na huongeza asidi ya oleiki kupitia OLE1. Kwa nini oleiki, ambayo yenyewe hulegeza utando, isaidie seli ambayo tatizo lake ni utando kulegea? Wataalamu wanavutana hadi leo, ila majaribio yanaendelea kuonyesha kwamba inasaidia. Jambo la kushika ni kwamba ergosteroli na oleiki haziwezi kutengenezwa bila oksijeni. Jeni zinaweza kuwa nzima, zikasomwa vizuri, na bado seli ikashindwa kwa sababu pipa limefungwa hewa tangu dakika ya kwanza.

Kileo kikizidi, kama kwenye asilimia 9 au 10, chachu hufanya jambo ambalo mimi huliona la kijasiri kuliko yote. Ujumbe mwingi wa RNA uliokwisha kunakiliwa huzuiwa usitoke ndani ya kiini, hata ule wa protini nyingi za dharura. Kwa hiyo anayepima RNA peke yake, akaona jeni fulani "imepanda", hawezi kuapa kwamba protini yake imetengenezwa. Orodha nyingi za jeni zilizochapishwa zina udhaifu huo.

Udhaifu wa pili ni kwamba majaribio mengi hayafanani na pipa. Maabara humimina ethanoli safi kwa ghafla kwenye chachu changa iliyoshiba. Ndani ya pipa la zabibu kileo hupanda polepole kwa siku nyingi, na huku naitrojeni inaisha. Mwaka 2008 kundi la Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada lilifuata mvinyo halisi tangu mwanzo hadi mwisho. Asilimia 40 ya jeni zote zilibadili sauti, na 223 zilipanda kwa nguvu katika kile walichokiita itikio la uchachukaji. Nyingi kati yake hazikuwa zimewahi kuhesabiwa miongoni mwa jeni za dharura. Na chachu iliacha kukua mapema, wakati sukari bado ni nyingi. Mtihani wa ghafla na maisha ya pipani ni mambo mawili.

Hapo tufike kwenye idadi. Kuna mkusanyo maarufu wa chachu za maabara, kila moja imeondolewa jeni moja tu. Njia inaonekana ya moja kwa moja: zitie zote kwenye kileo, uone zipi zinakufa, jeni zilizokosekana ndizo za ustahimilivu. Maabara moja ilipata 46. Nyingine 137. Kundi la Lisbon, mwaka 2009, lilipata zaidi ya 250, zikiwemo za pampu za asidi kwenye vakuoli, za kutengeneza triptofani, za usafirishaji ndani ya seli. Orodha hizi zinafanana kwa sehemu ndogo tu. Ukibadilisha kiwango cha kileo, au chakula, au ukoo wa chachu, jeni nyingine zinakuja mbele.

Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walijaribu njia ya wafugaji. Walichukua chachu ya kiwanda cha ethanoli cha Brazil, inayovumilia kileo kikali, wakaipandisha na ya maabara, wakapima watoto takriban 6,000. Thelathini na mmoja tu waliweza kukua kwenye asilimia 17. Vinasaba vyao viliposomwa mwaka 2012, jeni tatu zilijitokeza wazi: MKT1, SWS2 na APJ1. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa mtu mashuhuri kwenye fasihi ya kileo. Kundi jingine la mji huohuo lilizifuga chachu kwa miaka 2 hivi, vizazi kama 200, kileo kikiongezwa kidogokidogo. Koo zote zikawa ngumu zaidi, na karibu kila moja ilifika huko kwa njia yake. Waliosema kwamba ustahimilivu ni sifa ya jeni nyingi walikuwa sahihi, ila hata kauli hiyo ni ya upole mno. Naona ni sahihi zaidi kusema kwamba ustahimilivu ni hali ya seli nzima, na karibu jeni yoyote inayogusa utando, nguvu, asidi au ukunjaji wa protini inaweza kuisogeza.

Halafu kuna Wajapani. Mvinyo wao wa mchele, sake, hufika asilimia 20 ya kileo bila kukenekwa, na chachu maarufu ya kuutengeneza ni Kyokai namba 7, iliyotengwa mwaka 1946 kwenye kiwanda cha Masumi mkoani Nagano. Mtu angetarajia kwamba mbiu ya Kyokai 7 inalia kuliko za wote. Wajapani walipoipima walikuta kinyume chake. Jeni zake za dharura zinaamka kwa unyonge. MSN4 yake imeharibika. RIM15, jeni ya msimamizi anayeiambia seli yenye njaa au shida iache kazi na kulala, ina herufi moja ya ziada iliyojipenyeza ndani ya maandishi yake, na tangu hapo maneno yote yanayofuata yanasomeka ovyo. Walipoiharibu RIM15 kwenye chachu ya kawaida ya maabara, nayo ikachachusha kwa kasi zaidi. Bingwa wa kileo duniani ni chachu iliyopoteza masikio ya kusikia mbiu. Haijui kwamba iko hatarini, kwa hiyo haiachi kazi, na kweli seli zake hufa upesi kuliko za wenzake kazi ikiisha. Mtengenezaji wa sake hajali. Yeye anataka kileo, na chachu ya kuanzia pipa jingine anayo pembeni.

Kwangu mimi hapa ndipo swali linapobadilika. Kuna kuishi, na kuna kuendelea na kazi. Itikio la jeni tulilolieleza kwa kirefu, Msn2 na ghala lake lote, limeumbwa kwa ajili ya kuishi: funga kiwanda, jifunike, subiri mvua. Mtengenezaji wa mvinyo anahitaji kinyume, chachu inayoendelea kula sukari ya mwisho hata kama itakufa. Anayechagua chachu kwa kuangalia jeni za dharura zinavyowaka anaweza kujikuta amechagua mlalaji hodari.

Uthibitisho mwingine ulitoka Massachusetts mwaka 2014. Gerald Fink na Gregory Stephanopoulos pamoja na wenzao waliongeza potasi kwenye chakula cha chachu na kupunguza asidi ya mchanganyiko, basi. Chachu za kawaida zikatoa kileo kingi zaidi. Walipoimarisha jeni mbili, TRK1 ya kuingiza potasi na PMA1 ya kusukuma protoni nje, walipata matokeo ya kuelekea hukohuko. Mamia ya jeni, na kumbe sehemu kubwa ya tatizo ni ule uvujaji wa utando. Ukiisaidia seli kudumisha tofauti ya chaji kati ya ndani na nje, inapata nguvu ya kuendelea.

Na chachu za mvinyo zenyewe, zile zilizofugwa Ulaya kwa karne nyingi, zimeandikwa nini kwenye vinasaba vyao? Si kileo, kwanza. Alama iliyo wazi kabisa ni kipande cha kromosomu ya VIII na cha XVI kubadilishana mahali, jambo lililoifanya jeni SSU1 ifanye kazi kwa nguvu na kutoa nje salfaiti, dawa ambayo watengenezaji mvinyo hutia ili kuua vijidudu. Nyingine ni nakala nyingi za CUP1 dhidi ya shaba, kumbukumbu ya dawa ya shaba inayopulizwa mashambani tangu karne ya 19. EC1118, chachu kavu inayouzwa na kampuni ya Lallemand na kufika asilimia 18 ya kileo, ilisomwa mwaka 2009, ikakutwa na vipande vya DNA vilivyotoka kwa chachu za jamii nyingine kabisa. Baadhi yake humsaidia mwenyewe kula vyakula vya naitrojeni ambavyo wenzake huviacha. Binadamu alimfuga kiumbe huyu kwa dawa zake na njaa ya mapipa yake. Ustahimilivu wa kileo ulikuja umesambaa humohumo.

Turudi Nyanda za Juu. Ulanzi kwa kawaida hauzidi asilimia 5 au 6 sana. Hesabu ni nyepesi: kila asilimia moja ya kileo inahitaji gramu kama 17 za sukari kwa lita, kwa hiyo asilimia 5 ni gramu 85, na utomvu wa mlanzi hauna sukari nyingi kama ya zabibu. Chachu ya mbeta basi haifi kwa kileo. Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa chachu, maji ya mgema huyo yangekuwa nafuu juu ya nafuu. Shida yake iko kwingine: bakteria wa maziwa na wa siki wanaokaa naye kwenye utando uleule mweupe, na asidi wanayotoa, ambayo ikiungana na kileo kidogo tu huuma kuliko kila kimoja peke yake. Isitoshe, kila asubuhi na jioni mwenyeji huhamishwa na sukari mpya ikamwagika. Anayeshinda humo ni anayeamka haraka na kuvumilia ukali wa siki. Kusema kwamba chachu ya ulanzi ni hazina ya jeni za kuhimili kileo, kama wapenzi wa vya nyumbani wanavyopenda kudhani, ni kuipa sifa ambayo maisha yake hayajaidai.

Bakteria hao wana hila nyingine. Mwaka 2014 kundi la Lindquist lilionyesha kwamba baadhi ya bakteria hutoa ishara inayoibadilisha chachu tabia: inaacha kung'ang'ania glukosi, inatoa kileo kidogo, na tabia hiyo inarithiwa na watoto bila herufi hata moja ya DNA kubadilika, kwa njia ya protini zinazoambukizana umbo. Baadaye asidi ya laktiki ikatajwa kuwa ishara inayotosha. Mvinyo unaokwama katikati mara nyingine hukwama hivyo. Mbeta isiyooshwa vizuri ni mahali pazuri pa mchezo huo.

Sasa chukua dumu moja la ulanzi ulioanza kuchachuka Njombe mjini, zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi ya Juni unavaa sweta na koti. Literemshe kupitia Ludewa hadi Manda, kwenye mlango wa mto Ruhuhu, kando ya Ziwa Nyasa, karibu mita 475, kwenye jua la watu wanaoanika usipa na mihogo. Chachu ni ileile, jeni ni zilezile, sukari ni ileile. Kilichobadilika ni joto, na joto huufungua utando kwa namna ileile ya kileo. Hsp104 na wenzake waliokuwa wakikabili adui mmoja sasa wanakabili wawili. Kwa kileo cha ulanzi matokeo ni kuchacha haraka na kuwa siki mapema. Kwa kileo cha mvinyo matokeo ni vifo: asilimia 12 ambayo chachu inaivumilia kwenye nyuzi 20 inaiua kwa wingi joto likipita 35.

Ndiyo maana mtihani mkubwa wa jeni hizi nchini haupo kwenye mwanzi, upo Dodoma. Mizabibu ya Makutupora na Hombolo huvunwa mara mbili kwa mwaka, jua ni kali, na zabibu iliyoiva vizuri yenye gramu 240 za sukari kwa lita inadai asilimia 14 ya kileo. Msindikaji mdogo asiye na mitambo ya kupoza anaweka chachu kavu iliyotoka ng'ambo, iliyochaguliwa kwa ajili ya vyumba vya chini vya Ulaya, ndani ya tangi la plastiki kwenye banda la bati. Mvinyo ukikwama na utamu wake, lawama huangukia chachu. Chachu ingefanyaje?

Kwa sababu ya joto hilo, chachu za Afrika hazipaswi kusahauliwa. Vinasaba vya chachu 1,011 kutoka duniani kote vilivyochapishwa mwaka 2018 vilionyesha kwamba zile za Ulaya za mvinyo zinafanana mno, na kwamba chachu za pombe ya mchikichi ya Afrika ni ukoo wa peke yake. Anayetaka chachu ya Dodoma inayovumilia joto na siki ana sababu nzuri ya kukusanya utando wa mbeta kutoka Makete, Mufindi na Ludewa, akaupandisha na chachu ya mvinyo kama walivyofanya Leuven, kisha akapima watoto ndani ya tangi lenye joto halisi la Dodoma. Kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI Makutupora kipo palepale. Kazi hiyo haihitaji kugusa jeni hata moja kwa mkono. Inahitaji mbeta, friji na subira ya misimu michache.

Wewe unayesindika leo huwezi kusubiri misimu hiyo. Amsha chachu kavu kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuimimina. Koroga tangi lipate hewa siku ya kwanza na ya pili, wakati seli bado zinajenga ergosteroli yake. Baada ya hapo lifunge. Kama unaongeza chakula cha naitrojeni, kiweke mapema, si siku kileo kimeshapita asilimia 10, maana milango ya kukipokea itakuwa imelegea. Anza jioni, funika tangi kwa magunia yaliyoloweshwa maji, na lisipite nyuzi 30. Mvinyo uliokwama kwa joto ni vigumu kuufufua hata kwa EC1118.